Thieta ipo, zinazopotea ni saa

Mwaka jana nilimpeleka ami yangu, mvuvi, katika hospitali moja ya umma hapa Pwani apasuliwe ngiri. Tangu saa sita usiku hakula wala kunywa. Saa tisa alasiri muuguzi akamwambia kwa upole, "Mzee, kula tu, leo haitawezekana."

Ilikuwa mara ya tatu. Ya kwanza, presha ilikuwa juu. Ya pili, idhini ya bima haikuwa imefika. Siku hiyo, alitangulizwa mama mjamzito aliyekuwa hatarini.

Huyo mama simlaumu. Lakini presha na bima, kwa nini zigunduliwe asubuhi ya upasuaji?

Tumezoea kusema vifaa havitoshi. Ila mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodi mitambo, ikiwemo ya thieta, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Wataalamu wa dawa ya usingizi ni wachache kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kutopoteza hata saa yao moja. Thieta ni kama kivuko cha Likoni: feri ya kwanza ikichelewa, foleni nzima imechelewa.

Naona mambo matatu yanawezekana bila mtambo mpya. Kwanza, mgonjwa aitwe wiki moja kabla apimwe presha na damu, na idhini ya SHA ishughulikiwe mapema. Pili, penye thieta mbili, moja iwe ya dharura. Penye moja, orodha iachiwe nafasi, kwani kina mama wa kupasuliwa ghafla hawakosekani. Tatu, kila siku iandikwe: mgonjwa wa kwanza ameingia saa ngapi, nani ameahirishwa, kwa nini. Hilo lataka daftari na kalamu.

Hata kiu ina mpangilio. Miongozo ya kitabibu humruhusu mgonjwa wa kawaida kunywa maji hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Saumu ina magharibi yake. Ya kungoja thieta haina adhana.

Ami alipasuliwa mara ya nne, alhamdulillahi, baada ya miezi bila kwenda baharini. Waheshimiwa wawakilishi wadi, bajeti ya afya ikija mbele yenu, msiulize tu mitambo mingapi imenunuliwa. Ulizeni: kati ya walioandikiwa siku, wangapi walipasuliwa siku hiyo?