Kocha mzawa hadi lini atakuwa deiwaka?

Mbeya. Kwenye daladala kuna mtu anaitwa deiwaka. Huyu siyo dereva aliyekabidhiwa gari. Anashika usukani pale dereva mwenyewe anapoumwa au anapokwenda kula, anapiga tripu zake mbili tatu, analipwa chake, mwenye usukani akirudi anashuka. Hata aendeshe vizuri namna gani, kesho anarudi kusimama kituoni kusubiri tena.

Vijiwe vya Ilomba, njia ya Uyole, havijakosa mtu wa kulibandika neno hilo kwa makocha wazawa. Na ukiangalia kilichotokea Taifa Stars ndani ya miaka miwili, ni vigumu kuwabishia.

Januari 2024, fainali za Afcon zikiendelea Ivory Coast, kocha Adel Amrouche alifungiwa mechi nane na CAF kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco. Stars ilikuwa imetoka kupigwa 3-0 na hao hao Morocco. Timu akapewa msaidizi, Hemed Suleiman 'Morocco', na Juma Mgunda akaongezwa kumsaidia. Wakatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na DR Congo.

Hemed akaendelea. Novemba 19, 2024, bao la Simon Msuva dhidi ya Guinea kwa Mkapa likaipeleka Stars Afcon 2025. Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN ambako Morocco walishinda 1-0. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo huo, ikiwa imebaki kama wiki saba fainali zianze, TFF ikatangaza kuachana naye kwa makubaliano. Mikoba akapewa Muargentina Miguel Gamondi, aliyekuwa anainoa Singida Black Stars. Kweli, Gamondi naye alipewa kwa muda. Ila ndiye aliyekwenda kwenye fainali ambazo mwenzake alizitafuta mechi kwa mechi.

Sasa tazama hesabu. Kwenye makundi Gamondi alifungwa 2-1 na Nigeria, akatoka 1-1 na Uganda, akatoka 1-1 na Tunisia. Pointi mbili kwa mechi tatu. Hemed kule Ivory Coast alivuna pointi mbili kwa mechi mbili. Mwaka ule pointi mbili ziliifanya Stars ishike mkia wa kundi, safari hii zikatosha kuipenyeza kupitia nafasi ya tatu, ikaingia 16 Bora kwa mara ya kwanza katika historia na kutolewa na wenyeji Morocco kwa bao 1-0. Gamondi hana kosa lolote hapo. Timu ilicheza vizuri na wachezaji walijituma. Lakini pointi zile zile mbili, kwa mmoja zilisomeka kama kujikongoja na kwa mwingine zikasomeka kama historia.

Wazee wa mpira watakwambia hili siyo geni. Joel Bendera ndiye anayetajwa hadi leo kwa kuivusha Stars kwenda Lagos mwaka 1980, ila kwenye kumbukumbu za fainali zenyewe jina la kocha ni la Mpoland, Slawomir Wolk.

Kwenye klabu ndiyo usiseme. Mgunda, mshambuliaji wa Coastal Union iliyobeba ubingwa mwaka 1988, aliitwa Simba Septemba 2022 baada ya Zoran Maki kuondoka ghafla. Akaiingiza timu makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 Simba ikamshusha Mbrazili Roberto Oliveira 'Robertinho', Mgunda akasogea kiti cha pembeni. Aprili 2024 Abdelhak Benchikha akaondoka, aliyeitwa kuokoa jahazi ni nani? Mgunda, pamoja na Seleman Matola. Msimu ulipoisha akaja Fadlu Davids. Matola mwenyewe, nahodha wa zamani pale Msimbazi, amekaa pembeni ya Mbelgiji Sven Vandenbroeck, Mfaransa Didier Gomes na Mhispania Pablo Franco. Wanakuja, wanaondoka, yeye anabaki kufunga mlango na kumfungulia mwingine.

Mbeya nao wana la kwao. Msimu wa 2013/14 Juma Mwambusi aliichukua Mbeya City iliyotoka kupanda daraja na kuimaliza nafasi ya tatu, juu ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulikuwa haukaliki, zambarau kila kona. Kwa kazi ile, kocha angetegemea wakubwa wa Dar wampigie simu wampe timu. Simu ilikuja kweli mwaka 2015, Yanga wakamwita awe msaidizi wa Mholanzi Hans van der Pluijm. Machi 2021 Cedric Kaze alipotimuliwa, Mwambusi akashika timu hadi Nasreddine Nabi alipotua Aprili.

Je, ni rangi? Hakuna klabu iliyoandika popote kwamba inataka mzungu, na ukiuliza viongozi watakutajia makocha weusi kibao waliokuja kutoka nje: George Lwandamina wa Zambia aliyeipa Yanga ubingwa wa 2016/17, Emmanuel Amunike wa Nigeria aliyeipeleka Stars Afcon 2019, hata Mbeya City iliwahi kuwa na Mmalawi Kinnah Phiri. Hoja hiyo ina uzito. Nabi aliyeifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 ni Mtunisia, na hakuna shabiki wa Jangwani anayetamani arudishiwe tiketi yake.

Ila rangi huwa haisubiri mkataba kusainiwa. Inafanya kazi mapema, pale shabiki anapopiga kelele "tuleteeni mzungu" kabla hata hajajua huyo mzungu amefundisha wapi. Inafanya kazi tena timu ikifungwa. Marcio Maximo alikaa Stars kuanzia 2006 hadi 2010 bila kuifikisha Afcon, na hadi leo anasimuliwa kwa mapenzi, kwa haki kabisa, maana aliirudisha nchi uwanjani na kuipeleka CHAN ya 2009. Charles Boniface Mkwasa alipofungwa 7-0 na Algeria mwaka 2015, siku chache baada ya sare ya 2-2 Dar es Salaam, kilichosemwa ni kwamba uwezo wa wazawa umeishia hapo. Mgeni akikosea lawama zinakwenda kwa wachezaji na viongozi. Mzawa akikosea tatizo linakuwa ni yeye na wenzake wote wanaofanana naye.

Kuna kizingiti kingine ambacho hakihusiani na rangi moja kwa moja, nacho kinawabana zaidi waliocheza mpira. Mchezaji wa zamani anabeba jezi yake hadi uzeeni. Kibadeni ni Simba, Mkwasa ni Yanga na amewahi hata kuwa katibu mkuu wake. Kila akipanga kikosi kuna mtu anatafuta upendeleo humo. Hilo ndilo linaloitwa "uswahili wa makocha wetu", na mgeni anaponea hapo kwa sababu hana historia na mtu. Ajabu ni kwamba huyo Kibadeni, aliyeifunga Yanga mabao matatu kwenye 6-0 ya mwaka 1977, ndiye aliyeifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 akiwa kocha. Miaka 30 kabla ya Nabi.

Hata kwa wenye mpira wao hali siyo nzuri. Uingereza, ripoti ya mwaka 2022 ya Black Footballers Partnership ilionyesha wachezaji weusi walikuwa asilimia 43 ya Ligi Kuu England, lakini kwenye kazi za umeneja weusi walikuwa asilimia 4.4 tu. Kule kizuizi kinawekwa na watu wa rangi nyingine. Hapa Mswahili anamwekea Mswahili mwenzake.

Afrika yenyewe imeshaanza kuamka. Kombe la Dunia 2022 timu zote tano za bara hili ziliongozwa na makocha wazawa. Ivory Coast, kwenye fainali zile zile ambazo Hemed alikabidhiwa Stars, wenyeji walimtimua Mfaransa Jean-Louis Gasset na kumpa timu Emerse Faé, kiungo wao wa zamani. Akabeba kombe, wakampa kazi ya kudumu. Na fainali ya Afcon 2025 iliwakutanisha Walid Regragui na Pape Thiaw, wote waliwahi kuzichezea timu walizokuwa wanazifundisha.

Wazawa nao wasijifiche nyuma ya hoja hii. Wapo wanaochelewa kusoma, wanaoona kuchambua mechi kwa kompyuta ni mambo ya vijana. Leseni A ya CAF ndiyo iliyomfanya Mgunda awe mtu sahihi siku Simba ilipokwama, na waliokuwa hawana walibaki kutazama.

Lakini leseni inaanzia chini, na hapo ndipo suala hili linapofika Ilomba. Mchezaji anayetundika daluga leo Mbeya, awe wa City au askari wa Prisons anayerudi lindoni, atatakiwa atoe fedha yake mfukoni aanze na D, apande C, aende B, huku akifundisha watoto jioni bila malipo ya maana. Anapiga hesabu. Anaangalia Mwambusi alifika wapi baada ya kumaliza juu ya Simba. Anaangalia Hemed na tiketi ya Afcon. Wengi wanaona fedha hiyo heri wakanunue bodaboda, na ligi inakosa makocha ambao ingewahitaji miaka 10 ijayo.

TFF na klabu kubwa hazihitaji kuwafukuza wageni. Zikimwita mzawa zimpe mkataba wa miaka miwili, achague wasaidizi wake, asajiliwe wachezaji anaowataka mwanzoni mwa msimu, halafu afukuzwe kwa matokeo kama anavyofukuzwa mzungu. Hadi sasa hakuna aliyewahi kufeli kwa utaratibu huo pale Msimbazi na Jangwani katika miaka hii ya karibuni, kwa sababu hakuna aliyepewa.