Umeme wa Mwadingusha: nani anakula sahani ya kwanza?

Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930, wakati wa Union Minière. Miaka ilipita, mashine zikachakaa, na SNEL haikuwa na pesa za kuzitengeneza. Ndipo kampuni ya Ivanhoe, yenye sehemu katika mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, ilipotoa mkopo. Kufikia 2021 mashine zote sita zilikuwa zinazunguka tena, zikiwa na uwezo wa megawati 78.

Hilo ni jambo jema, na anayelikataa hasemi kweli. Lakini Katuba, Kenya na Ruashi delestaji haikuaga. Mama bado anahesabu makala ya kupikia, na fundi wa kuchomelea vyuma bado anangojea usiku wa manane ili afanye kazi. Watu wanauliza: bwawa limetengenezwa, umeme umeenda wapi?

Jibu liko ndani ya mkataba. Mkopo ule hurudishwa kwa njia ya bili: kila mwezi mgodi unapotakiwa kulipa umeme, sehemu ya bili inakatwa mpaka deni liishe. Ni kama mtu aliyemkopesha mama muuza bukari pesa za sufuria mpya, kisha anakuja kula kila siku bila kutoa bei yote. Sufuria ni ya mama, kweli. Lakini sahani ya kwanza ni ya mkopeshaji, na pesa inayobaki mkononi mwa mama ni ndogo, hata kama jiko linawaka vizuri. Vilevile SNEL: mteja wake mkubwa akilipa nusunusu, transfoma iliyoungua mtaani itanunuliwa kwa pesa gani?

Hakuna aliyeiba hapo. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia watu binafsi mlango wa kazi ya umeme, na ile namba 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018 ikaweka kanuni za ushirikiano kati ya serikali na watu binafsi. Mkopeshaji ana haki ya kudai chake, tena wanasheria wake wanalipwa vizuri ili asipoteze hata faranga. Shida iko upande wa pili wa meza. Katiba yetu, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi na umeme inahakikishwa. Wanaoandika mikataba kwa jina la serikali wangeweza kukitumia kifungu hicho kudai megawati kadhaa za mitaa, ziandikwe kwa namba, na adhabu yake iandikwe pia. Mgodi unapata namba zake. Raia anapewa ahadi tu.

Na mambo haya si mapya. Waya mkubwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita karibu 1,700, ulimalizika mwaka 1982 kwa ajili ya shaba. Vijiji vingi chini yake vinalala gizani mpaka leo.

Kuna tena familia zilizohamishwa. Bwawa, nguzo za umeme na barabara huhitaji ardhi, na ardhi ina watu. Katiba, kifungu cha 34, inataka malipo ya haki, na yatolewe kabla mtu hajanyang'anywa mali yake. Neno hilo "kabla" lina uzito mkubwa, kwa sababu mara nyingi tingatinga hufika kwanza na bahasha baadaye, au isifike. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 juu ya kuchukua mali kwa faida ya wote haimtambui tu mwenye cheti. Inataja pia haki za jamii zinazotumia ardhi yao. Mzee wa kijiji asiambiwe kwamba bila karatasi hana lake. Aliye katika hali ngumu zaidi ni yule aliyekimbia vita Mitwaba au Pweto, akajenga kibanda juu ya shamba la mwingine. Huyo hana cheti wala ukoo mahali alipo, na mkataba ukipita hapo jina lake halitaandikwa popote, isipokuwa wahesabuji wameagizwa wazi kumwandika.

Toka tarehe 20 Mei 2011 kuna amri ya serikali inayolazimisha mikataba ya mali asili itangazwe ndani ya siku 60. Mikataba ya umeme nayo ifuate njia hiyo, na isiishie kwenye intaneti kwa Kifaransa cha mahakama. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Muhtasari wa kurasa tatu unaweza kusomwa redioni, siku mbili tatu, kabla ya kutia sahihi: nani anakopesha, deni linaisha lini, megawati ngapi ni za mgodi, ngapi ni za Katuba. Wabunge wa jimbo, wanaokaa hapa hapa Lubumbashi, wana nguvu ya kumwita waziri wa jimbo na kumuuliza maswali hayo manne.