Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila msimu wa kaskazi meli kubwa za watalii hufika Unguja. Abiria wake wengi ni watu wazima waliokwisha kustaafu kazi, na si haba kati yao walio na magoti mabovu, wanaotembelea fimbo, au wanaosukumwa katika viti vya magurudumu. Wamelipa fedha nyingi ili wauone Mji Mkongwe, nao wana saa chache tu kabla meli haijang'oa nanga. Swali ninalotaka kulijadili katika gazeti letu ni hili: je, mtu wa namna hiyo aonyeshwe mji, au aambiwe abaki melini kwa sababu mji ni wa kale na vichochoro vyake ni vyembamba?

Najua wako wasomaji watakaosema kwamba mambo ya watalii hayatuhusu sisi wanafunzi wa bara. Nawaomba wasifanye haraka. Mji anaoshukia mtalii yule ndio anaoshukia abiria wa boti itokayo Dar es Salaam, na ndio ambao Chama chetu cha Historia kitauzuru muhula ujao. Nitalirudia jambo hilo baadaye.

Mjomba wangu huko Unguja ni mwongozaji wa wageni, nami katika likizo mbili nimefuatana naye kazini. Kwa hiyo haya nisemayo si ya kusikia.

Shida ya kwanza huanzia majini. Pwani yetu wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hufika kama mita 4. Maana yake ni kwamba ngazi ya meli iliyolala vizuri asubuhi huweza kuwa mkali kama paa la nyumba ifikapo adhuhuri, kwa kuwa meli hupanda na maji na gati halipandi. Na meli ikikosa nafasi gatini hutia nanga nje, abiria wakaletwa pwani kwa mashua. Hapo mawimbi yakiwa makubwa, mabaharia huweza kumkataza mwenye kiti cha magurudumu asishuke, nao wana haki kuogopa. Basi mtu huyu hahitaji huruma. Anahitaji kuambiwa mapema saa ya maji, ili achague wakati wa kushuka na wakati wa kurudi.

Shida ya pili ni vizingiti na vidato. Mafundi wa nchi nyingi hufuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda yataka sentimita 12 za mteremko. Kidato cha sentimita 15 basi chataka ubao wa sentimita 180. Hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na ubao huo waweza kutengenezwa na seremala yeyote, ukawekwa asubuhi na kuondolewa jioni bila kuligusa jiwe hata moja la kale.

Shida ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni neno letu "karibu tu". Mgeni akiuliza Forodhani ni wapi, kila mtu humjibu, "Karibu tu, hapo mbele." Kwa kijana wa miaka kumi na saba, ni kweli. Kwa mtu ambaye goti lake humruhusu hatua mia mbili ndipo akae, neno hilo ni mtego. Mjomba ana daftari dogo ambalo ameandika hatua zilizopo kutoka kikao kimoja hadi kingine, idadi ya vidato katika kila mlango, na mahali penye kivuli. Daftari hilo halikumgharimu chochote ila jioni chache za kutembea polepole akihesabu. Wageni wake wengi humwambia kwamba hawajapewa habari za namna hiyo katika bandari nyingine. Yeye hawaambii "mtaweza" wala "hamtaweza". Huwasomea hesabu, nao huamua wenyewe.

Lipo jambo moja ambalo wazee wetu waliliweka tangu zamani, na leo hatulioni kwa kuwa tumelizoea. Ni baraza. Mbele ya nyumba nyingi za Mji Mkongwe kuna kikao cha mawe kilichoshikamana na ukuta, mtu akapumzika, akazungumza, akanywa kahawa. Mji wenye mabaraza ni mji uliokwisha kumfikiria mtu aliyechoka. Lakini siku hizi mabaraza mengi yamejaa vinyago, vitambaa na picha za kuuza, wala hapana pa kukaa. Siwalaumu wafanyabiashara, maana nao wanatafuta riziki. Nasema tu kwamba kila baraza likiachiwa nafasi ya watu wawili, mgeni mwenye fimbo angeweza kwenda mbali mara mbili, na huenda akanunua kitambaa hapo alipoketi.

Tena tuangalie desturi ya kusaidia. Nilimwona mama mmoja mzee, mgeni, akinyanyuliwa na vijana wawili kutoka katika kiti chake ili avushwe kizingiti, kabla hajaulizwa lolote. Vijana walikuwa na nia njema, lakini mama yule alishikwa kama gunia la karafuu, na uso wake ulionyesha hivyo. Mjomba aliniambia baadaye, "Mwanangu, kwanza salamu, pili swali, ndipo mkono." Sijasikia somo la uraia lililo fupi kuliko hilo.

Wapinzani wangu watasema: Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hivyo hauwezi kubadilishwa ovyo. Nakubali kabisa. Sitaki vichochoro vipanuliwe wala milango ya kuchongwa ing'olewe. Lakini ukale peke yake si udhuru. Wageni wengi washukao katika bandari ya Piraeus, Ugiriki, huenda kuona mahekalu ya Acropolis juu ya mlima wa mawe, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,400. Mwaka 2020 ilifunguliwa huko lifti mpya kwa ajili ya watu wasioweza kupanda. Wako waliolalamikia njia za saruji zilizotengenezwa juu ya mlima wakati huo, na mabishano ya namna hiyo ni mazuri. Lakini hekalu halikuanguka kwa sababu mwenye kiti cha magurudumu amefika.

Wengine watasema kwamba hii ni ihsani, mwenye nacho atoe, asiye nacho aache. Sivyo. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu huzihusu hata meli za kitalii zenye bendera za kigeni, zikiwa katika maji ya Marekani. Walioshtaki walikuwa abiria wenyewe. Na sisi Tanzania mwaka 2009 tuliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika kifungu chake cha 30 hutaja utamaduni, burudani na michezo. Kuona mahali pa historia ni haki iliyoandikwa, wala si zawadi ya mwenye huruma.

Sasa narudi shuleni. Mwaka jana Chama cha Historia kilipokwenda Unguja, mwenzetu mmoja anayetembelea magongo hakuwamo katika orodha. Ameniridhia niliandike jambo hili. Hakuna aliyemchukia, kinyume chake, walimhurumia, wakasema atachoka. Yeye aliniambia neno moja tu: "Hawakuniuliza." Mwanafunzi huyo ana alama nzuri katika Historia kuliko wengi wetu tuliopanda boti. Alisimuliwa habari za soko la watumwa na watu ambao humsaidia yeye kuandika insha zao, au tuseme kweli, ambao yeye huwasaidia.

Kwa heshima yote, nawaomba walimu wetu na viongozi wa chama wayafikirie haya kabla ya safari ijayo. Kutoka bandarini kwenda Forodhani kwa njia ya pwani ya Mizingani ni kama kilometa 1, na njia ile ni ya tambarare. Tukiondoka asubuhi kabla ya jua kali, tukipumzika njiani, magongo yataifika Ngome Kongwe. Kwenda Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tukodi bajaji moja hadi pale gari linapoweza kufika. Vyumba vya chini huko vina ngazi na dari fupi, na huenda mwenzetu asiingie. Lakini zile sanamu za watumwa wenye mnyororo, zilizowekwa ndani ya shimo mwaka 1998, huonekana vizuri kutoka ukingoni. Aambiwe yote hayo mapema, pamoja na hali ya ngazi ya boti, kisha aulizwe. Akikataa, amekataa yeye.

Wazazi nao wanisikilize. Kila tulifanyalo kwa ajili ya mgeni mwenye fimbo twawafanyia pia bibi na babu zetu. Jirani wa mjomba, mama mzee aliyezaliwa Malindi, siku hizi hafiki Forodhani, ingawa harufu ya mishikaki humjia dirishani upepo ukivuma. Ubao wa sentimita 180 mlangoni, nafasi ya watu wawili katika kila baraza, na kijana anayeuliza kabla ya kushika mkono, vingemtoa nje jioni hii hii. Ndiyo maana wahenga hawakusema "mgeni njoo" wakanyamaza, bali waliongeza neno juu ya mwenyeji.

Orodha ya safari itabandikwa ubaoni mwanzoni mwa muhula ujao. Natumaini safari hii, kabla jina lolote halijaachwa, mwenye jina ataulizwa.