Moteri inapogonga, mnunuzi wa esanse ana haki ya kujua anachouziwa

Katika miji ya mashariki mwa Congo, motari akisikia moteri yake inagonga wakati wa kupanda mlima, hupewa moja ya majibu mawili. La kwanza: « Esanse ni mbaya. » La pili: « Lipa zaidi, nunua super, moteri itapata nguvu. » Yote mawili yana sehemu ya ukweli, na yote mawili yanaweza kumpotezea pesa. Namba ambayo ingemsaidia kuchagua haionekani mara nyingi kwenye pompi, na kwenye chupa ya kadafi haionekani kabisa. Namba hiyo ni oktani. Mnunuzi anapaswa kuidai kama anavyodai bei.

Kwanza, kugonga ni nini? Ndani ya moteri ya esanse, pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na esanse. Buji inatoa cheche, moto unaanzia hapo, unasambaa kwa mpangilio na kusukuma pistoni chini. Lakini moto huo ukisambaa, unabana pia na kupasha joto mchanganyiko uliobaki pembeni ambao bado haujawaka. Joto na mgandamizo vikipita kiasi, sehemu hiyo inajiwasha yenyewe, yote kwa mara moja, kabla moto wa buji haujaifikia. Mshindo wake unapiga kuta za silinda. Ndiyo ile sauti kama ya vijiwe ndani ya kopo, inayosikika zaidi gari likiwa na mzigo, vitesi ikiwa kubwa na mguu umekanyaga hadi chini.

Kugonga kidogo kwa sekunde chache hakuui moteri. Kugonga kila siku kunaiua. Joto linaongezeka, pistoni inaliwa au inatoboka, pete zake zinavunjika, jointi ya kichwa cha moteri inaungua. Kwa mwenye gari ya nyumbani, hiyo ni hasara. Kwa motari anayepaswa kumpelekea mwenye pikipiki pesa ya kila siku, ni kupoteza kazi.

Oktani ni kipimo cha uvumilivu. Inaonyesha esanse inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla ya kujiwasha yenyewe. Kipimo hicho kilitengenezwa katika miaka ya 1920 nchini Marekani kwa kutumia vimiminika viwili: aiso-oktani, isiyogonga kwa urahisi, ilipewa 100, heptani, inayogonga haraka, ilipewa 0. Esanse ya 95 ni ile ambayo, katika moteri ya majaribio, inagonga sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za aiso-oktani na 5 za heptani. Hiyo haimaanishi kwamba ina nguvu nyingi kuliko ya 91. Mwenye pikipiki iliyoundwa kwa esanse ya kawaida, akilipa zaidi kwa ajili ya namba kubwa, hapati mwendo zaidi wala hapunguzi matumizi. Amelipia uvumilivu ambao moteri yake haikuuomba.

Wanaouhitaji ni wale ambao moteri zao zinabana sana au zina turbo. Wakitumia esanse ya namba ndogo, magari mengi ya kisasa hayatapiga kelele, kwa sababu yana kifaa kinachosikia mgongo huo na kuchelewesha cheche. Gari linanyamaza, lakini linapoteza nguvu na linakunywa zaidi. Shofere anadhani ameokoa pesa kwenye stesheni, kumbe anazirudisha njiani. Pikipiki nyingi za kazi hazina kifaa hicho. Hizo sikio lake ni sikio la motari.

Je, namba sahihi inapatikana wapi? Katika kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye kifuniko cha tanki. Hapa kuna mtego kwa watu wanaonunua magari yaliyotumika ng'ambo. Gari la Marekani likiandikwa 87, hiyo ni wastani wa vipimo viwili, na inalingana na karibu 91 au 92 kwa kipimo kinachotumiwa Ulaya na Afrika. Gari la Japani lililoundwa kwa esanse ya kawaida ya kule linatosheka na 89 kwa kipimo hicho cha Ulaya, kwa sababu ndicho kiwango cha chini cha esanse ya kawaida nchini Japani. Lile linalotaka esanse ya juu linahitaji angalau 96. Magari mawili yanaweza kuegeshwa sambamba, yanafanana kwa macho, na kila moja likawa na mahitaji yake. Jeep na malori ya mazutu hayamo katika hesabu hii: moteri ya mazutu haina buji, na mazutu hayapimwi kwa oktani.

Milima nayo ina la kusema. Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1.500 hivi juu ya bahari. Katika urefu huo, mgandamizo wa hewa umepungua karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Moteri isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, na kwa hiyo haigongi haraka. Ndiyo maana katika majimbo ya milima ya Marekani, kama Colorado, kunauzwa esanse ya namba ndogo kuliko sehemu nyingine za nchi hiyo. Mkaaji wa Bukavu anaweza kutumia esanse dhaifu mwaka mzima bila kusikia chochote. Siku anaposhuka kwenye bonde la Ruzizi hadi Uvira, hewa ni nzito zaidi na joto ni kali. Akirudi na mzigo na kuanza kupanda Ngomo, moteri inalia. Hali ni mbaya zaidi ikiwa fundi wake alisogeza avansi mbele ili gari lipate nguvu mlimani. Esanse ileile, gari lilelile. Kilichobadilika ni mahali na mzigo.

Kwa hiyo mkaaji wa milima hana sababu kubwa ya kukimbilia super. Anachohitaji ni esanse halisi. Tatizo linaanzia hapo. Esanse ya mashariki inatoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, inapita nchi mbili au tatu ndani ya masisterna, inahamishwa kwenye depo, kisha kwenye mapipa, bidoni na chupa. Kila mahali inapohamishwa, mtu anaweza kuichanganya. Kinachochanganywa kwa urahisi ni petroli ya taa. Oktani yake iko chini sana kuliko ya esanse, na kiasi kidogo tu kinatosha kuishusha. Zaidi ya hayo, haiwaki yote vizuri ndani ya moteri ya esanse: inaacha masizi, inashuka na kuyeyusha huilé ya moteri. Masizi hayo yanaongeza mgandamizo na kubaki na moto, na kugonga kunazidi. Anayechanganya anachukua faida leo. Anayelipa ni motari, miezi michache baadaye, ndani ya garaji.

Wengine watasema suluhisho ni kuwafukuza kadafi barabarani. Hilo ni jibu la haraka, na halitoshi. Kuna mitaa na vijiji visivyo na stesheni hata moja. Bila kadafi, pikipiki haziendi, wagonjwa hawafiki hospitali, mboga zinaozea shambani. Tena mchanganyiko haufanyiki kwenye chupa peke yake. Unaweza kufanyika kwenye sisterna au depo, na kadafi akauza kwa nia njema alichouziwa. Kumwadhibu wa mwisho kwenye mlolongo bila kupima wa kwanza ni kuacha mizizi na kukata majani.

Jibu lenye maana ni kupima na kuonyesha. Ofisi ya Congo ya Udhibiti, OCC, ina kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Wizara ya Uchumi inapanga bei za mafuta kwa kanda. Kama bei inaweza kuandikwa kwa serikali na kuonyeshwa, kwa nini oktani isionyeshwe pembeni yake? Anayekusanya ushuru kwa kila sisterna inayovuka mpaka, awe nani, ana wajibu wa kupima kilicho ndani. Stesheni iandike namba juu ya pompi, na ichukuliwe sampuli bila kuarifiwa. Vyama vya motari, vinavyojua kukusanya michango ya wanachama, vinaweza kudai matokeo hayo na kuwaelekeza watu wao wanunue wapi.

Historia inaonyesha gharama ya kutouliza. Mnamo Desemba 1921, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba risasi, ile metali nzito yenye sumu, ikitiwa ndani ya esanse inazuia kugonga. Ilikuwa dawa rahisi na ya bei ndogo. Kwa miaka mingi dunia ilifurahia moteri zisizogonga, huku watoto wakivuta sumu inayoharibu ubongo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, ikaacha kuiuza kwa magari mnamo Julai 2021. Mnunuzi aliambiwa esanse ni nzuri, hakuambiwa kwa nini. Namba bila udhibiti haitoshi. Lakini bila namba, hata swali la kwanza haliwezi kuulizwa.

Wakati udhibiti huo unangojewa, kuna mambo ya kufanya. Moteri ikigonga, legeza mkono wa gesi na rudisha vitesi chini, usiilazimishe. Kabla ya kulaumu esanse, mwambie fundi aangalie avansi, maji ya kupoza, aina ya buji na masizi, kwa kuwa kila kimoja kinaweza kuleta mlio huo, na kulegea kwa vyuma vya ndani kunaweza kufanana nao. Kisha badilisha mahali pa kununua na sikiliza. Mbali na moto, dondosha tone la esanse kwenye karatasi nyeupe: esanse safi inakauka upesi bila kuacha alama, iliyochanganywa na petroli inaacha doa la mafuta. Kipimo hiki hakionyeshi oktani, lakini kinaweza kumfichua mdanganyifu.

Motari mmoja akilalamika, muuzaji atasema moteri yake imezeeka. Motari mia wakiuliza pamoja, mbele ya pompi, « Hii ni namba ngapi? », itakuwa vigumu kuwajibu hivyo.