Radi Haina Mtumaji

Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali iliishukia Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walifariki na mamia ya nyumba zikabomoka. Januari 27, 2025, radi iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, na kujeruhi wengine 82. Kila msiba wa aina hii ukitokea, matanga hayajaanuliwa, madai yale yale huzuka. Yajibiwe moja moja, maana mengine yanaua.

“Barafu ile haikuwa ya kawaida, hii ni nchi ya joto.”
Ng’ambo ya Ziwa Victoria, wakulima wa chai wa Kericho na Nandi Hills nchini Kenya hupata hasara ya mvua ya mawe mara kwa mara. Joto la ardhini ndilo linalopandisha mvuke kwa kasi. Ukivuka kilomita tano hivi kwenda juu, matone huganda, upepo huyarusha tena na tena, nayo huvimba tabaka juu ya tabaka mpaka yawe mazito na kuanguka.

“Waliuawa na mawe ya barafu.”
Mvua ya mawe yaweza kuua yenyewe: Aprili 30, 1888, iliua watu 246 huko Moradabad, India. Lakini Mwakata wengi waliangukiwa na kuta. Tofali bichi likilowa hulegea, na upepo ukishang’oa paa, ukuta hauna tena cha kuushikilia.

“Radi iliyochagua wanafunzi imetumwa.”
Oktoba 2018 pia, radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi Emaco Vision, Geita. Sababu iko wazi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Mchana upepo wa ziwani hukutana na joto la nchi kavu, mawingu yakajengeka alasiri. Hapo chini wamo makumi ya watoto waliobanana katika chumba kimoja, hivyo pigo moja huwafikia wengi. Anayetafuta mtumaji huishia kumtazama bibi kizee jirani mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni tu. Shinyanga na Geita zimekwisha kuzika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa tuhuma kama hizo za uchawi.

“Ukishaingia ndani uko salama.”
Inategemea ni ndani ya nini. Mwaka 1975, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, radi moja iliua watu 21 waliojikinga kibandani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaokimbilia chini ya turubai kwenye makarasha, mitambo ya kusagia mawe ya dhahabu, wamejikinga na mvua, si na radi. Gari la bati lililofungwa vioo ni salama zaidi kuliko kibanda au kivuli cha mti.

“Aliyepigwa na radi asiguswe, ana umeme.”
Dai hili huua mtu ambaye angepona. Mwili haubaki na umeme hata kidogo. Huenda moyo wake umesimama. Anayemkandamiza kifua mara moja na kumpulizia pumzi anaweza kumrudishia uhai.

“Ni mapenzi ya Mungu, hakuna la kufanya.”
Imani hiyo naiheshimu, na ndiyo iliyowafariji wafiwa. Lakini Mungu hakutukataza msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, lenta, wala paa lililofungwa imara. Hakutukataza mtego wa radi wenye waya uliozamishwa ardhini. Ardhi hii ya Geita na Kahama inatoa dhahabu kila siku. Kila halmashauri iliyo juu yake ina wajibu wa kuhakikisha hakuna shule inayopokea watoto bila mtego wa radi, na kila mzazi ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa shule: wetu uko wapi, na nani aliukagua mara ya mwisho?