Wigi Laki Saba, Mbwa Kufungwa Kizazi Laki na Themanini Eti "Ghali"!

Kuna staa mmoja wa filamu za Kibongo, jina lake liwekwe kapuni, mwanzoni mwa mwaka alimwanika daktari wa mifugo mbele ya wafuasi wake. Alipiga picha karatasi ya makadirio aliyopewa kliniki: kumfunga kizazi mbwa wake jike, shilingi laki moja na themanini. Chini yake akaandika kwamba huo ni wizi wa mchana, kwa hela hiyo bora mbwa azae tu. Mastaa wenzake wakajazana kucheka. Kichwani siku hiyo alikuwa amevaa wigi ambalo wiki moja nyuma alijisifia kalichukua kwa laki saba.

Wigi halina kosa, mtu na hela yake. Shida ni kwamba maelfu ya watu wanaomfuata waliondoka pale wakiamini daktari ni tapeli, na kati yao wapo wenye mbwa nyumbani ambao walikuwa wanajishauri waende au wasiende.

Sasa laki na themanini inakwenda wapi? Watu wengi wanafananisha na kuhasi dume, na hapo ndipo wanapokosea hesabu. Kwa dume vitu viko nje, ni kazi fupi. Jike anafunguliwa tumbo. Daktari anaingia ndani, anafunga mishipa ya damu moja moja, anatoa vifuko vya mayai na mara nyingi mfuko wa uzazi wote, halafu anashona tabaka kwa tabaka. Ni upasuaji mkubwa, kama ule anaofanyiwa mama hospitali, tofauti ni kwamba mgonjwa ana manyoya na hawezi kuambiwa "tulia kidogo".

Kwa hiyo kuna dawa ya usingizi, inayopimwa kwa uzito wa mbwa, maana ikizidi haamki na ikipungua anaamka katikati ya kazi. Kuna dawa ya maumivu, antibayotiki, nyuzi, glavu, vifaa vya kuchemshwa upya kila baada ya mgonjwa mmoja. Kuna msaidizi anayekaa anaangalia pumzi na mapigo ya moyo. Kuna dripu. Kuna saa kadhaa za kumwangalia mpaka asimame mwenyewe, na kuna siku ya kurudi kutoa nyuzi, kawaida baada ya siku 10 hadi 14. Mbwa mkubwa analipiwa zaidi kwa sababu anakula dawa zaidi, na aliye na mimba au aliye kwenye joto naye anapanda bei kwa kuwa mishipa inakuwa imejaa damu na hatari ya kuvuja inaongezeka. Ukizijumlisha zote hizo, daktari mwenyewe habaki na hela ya kujengea ghorofa.

Staa yule hakusikia lolote kati ya hayo. Alichosikia ni ushauri wa jamaa mmoja wa mtaani anayejiita "dokta", aliyemwambia ipo sindano ya kuzuia mimba, elfu ishirini tu, mbwa anachomwa na mchezo umeisha. Akachomwa. Video ikapostiwa, na kijembe juu kwa wale "wa laki na themanini".

Sindano za namna hiyo ni za homoni, na kwa mbwa jike zina historia mbaya. Zinaweza kuuandaa mfuko wa uzazi kushika maambukizi, mfuko ukajaa usaha. Hata bila sindano ugonjwa huu unawapata majike wengi wasiofungwa kizazi, hasa umri ukisogea, wiki chache baada ya kutoka kwenye joto. Dalili zake zinadanganya: mbwa anakunywa maji kupita kiasi, hataki kula, amepooza, wakati mwingine anatoka uchafu nyuma na wakati mwingine hatoki kitu kabisa huku tumbo linavimba. Hao wasiotoka kitu ndio walio hatarini zaidi.

Kwa mujibu wa watu wa karibu na nyumba ile, aliyeona kwanza alikuwa dada wa kazi. Alimwambia bosi wake mara mbili kwamba bakuli la maji linakauka kila saa. Akajibiwa ni joto la Dar. Siku ya nne mbwa hakunyanyuka, na usiku ule ule akapelekwa kliniki amebebwa kwenye shuka. Upasuaji ulikuwa ule ule wa kutoa kizazi, ila safari hii kizazi kilikuwa kimejaa usaha, mgonjwa yuko hoi, ni usiku, na siku tatu za dripu zikafuata. Bili ilipita laki nne. Mbwa alipona, tena kwa bahati. Karatasi ya bili hiyo haikupostiwa.

Ndiyo maana kauli ya "bora azae tu" inachekesha kwa mtu ambaye hajawahi kulea watoto wa mbwa. Mbwa anabeba mimba kwa siku 63 hivi, miezi miwili na kidogo, na wengi wanaingia joto mara mbili kwa mwaka. Tuseme amezaa saba. Mama ananyonyesha, anakula mara mbili ya kawaida yake au zaidi. Watoto wanaanza dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili na inarudiwa kila baada ya wiki mbili. Wakifika wiki sita mpaka nane chanjo za kwanza zinaanza, kila mmoja na kadi yake, na ya kichaa inafuata wakiwa na miezi mitatu. Zidisha kwa saba, halafu ongeza unga, dagaa, mifupa ya bucha, viatu vilivyotafunwa na majirani wasiolala. Kufunga kizazi unalipa mara moja, ila kuzaa kunarudi kila msimu.

Mbwa wa getini anayezurura usiku ana lake pia. Upo uvimbe wa saratani ambao mbwa wanaambukizana kwa kupandana, chembe zenyewe za saratani zinahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Unatokea sehemu za siri, unavuja damu, na wenye mbwa wengi wanadhani ni joto lisiloisha. Tiba yake ipo na inafanya kazi vizuri, lakini ni sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa, dawa ile ile wanayopewa binadamu wenye saratani. Uliza bei yake ndipo uite laki na themanini wizi.

Haki itendeke hata hivyo. Kwa mama anayeuza vitumbua Mbagala na mbwa wake analinda kibanda, laki na themanini ni mtaji mzima. Huyo hana haja ya kuhubiriwa, anahitaji bei nyingine. Na njia zipo, maana zipo kliniki zinazokubali kulipwa kidogo kidogo ukiongea mapema, na mahali pengine huwa kuna siku za kampeni ambapo mbwa wengi wanafanyiwa kwa mkupuo na gharama inashuka. Bwana mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa, na kumuuliza ni bure. Halmashauri nazo zingefikiria vizuri, maana ukiwapiga risasi mbwa koko, mwaka unaofuata wapo wengine wale wale kwa idadi. Mapanya Road ya mbwa haiishi kwa risasi.

Lakini staa wa wigi la laki saba hayuko kwenye kundi la mama wa vitumbua. Akilia bei mbele ya umma anamfundisha mama yule kwamba huduma yenyewe haina maana, na hilo linaumiza kuliko bei.

Kuna jambo zito zaidi ambalo hakuna anayelitaja kwenye posti hizi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wanakipata kwa mbwa, na vifo duniani vinakadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu nne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Kinachozuia ni chanjo ya mbwa, na ili ugonjwa usisambae inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Kufunga kizazi peke yake hakuzuii kichaa. Ila mtaa ukichanja mbwa wake wote leo, halafu kila jike akamwaga watoto saba mara mbili kwa mwaka, ile 70 inashuka yenyewe bila mtu kufanya kosa lingine lolote.

Na watoto hao huwa wanaenda wapi? Mchekeshaji mmoja anayependwa sana, naye jina kapuni, mwaka jana alifanya zawadi kwa mashabiki: jike wake alizaa tisa, na kila aliyetaja kichekesho alichokipenda aliingia kwenye bahati nasibu ya kushinda mtoto wa mbwa. Ilikuwa kiki ya wiki nzima. Watoto walitolewa wakiwa na wiki tano, kabla ya umri wa chanjo ya kwanza, kwa watu ambao wengine wanakaa chumba kimoja cha kupanga na mwenye nyumba hataki hata kuku.

Wanne walipata makazi, inasemekana wanaendelea vizuri. Mmoja alikufa kwa kuharisha damu ndani ya wiki mbili. Wawili wakarudishwa getini kwake usiku ndani ya boksi la sabuni, mlinzi akawapeleka sokoni asubuhi kabla bosi hajaamka. Wawili waliobaki hakuna anayejua walipo. Sokoni pale wale wa boksi wamekua sasa, wanalala chini ya meza za samaki, na wote wawili ni majike. Mmoja wao wiki iliyopita alionekana na chuchu zimejaa, na wauza samaki wameshaanza kuulizana nani atachukua mtoto.