Njia ya Rabai

Msafiri avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa huingia bara ya Kisauni. Wengi hupita hapo kwa haraka ya kazi zao, pasipo kujua ya kuwa upande ule wa bara kuna kaburi la zamani. Ndani yake amelazwa Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf, pamoja na mtoto wake mchanga wa kike. Mama alifariki kwa homa tarehe 13 Julai 1844, na mtoto hakukawia kumfuata. Mwenyewe alikuwa ameomba azikwe bara, wala si kisiwani, ili kila apitaye njia hiyo akumbuke kilichowaleta wageni wale katika nchi hii.

Krapf alikuwa Mjerumani, lakini alitumwa na chama cha misheni cha Waingereza, yaani C.M.S. Alifika Mombasa mwaka huo huo wa 1844, akichukua barua ya Sayyid Said wa Unguja ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Wenyeji walimpokea vema, hata Kadhi wa Mombasa alimsaidia kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Walakini baada ya msiba ule alikaa karibu miaka miwili pasipo mtu wa kwao wa kumliwaza. Ndipo, mnamo Juni 1846, akapata mwenzi: Johannes Rebmann, Mjerumani mwenziwe, kijana wa miaka 26.

Hao wawili walikusudia kuhamia Rabai, kilimani, kwa watu waliokuwa wakiitwa Wanyika siku hizo, ambao leo huitwa Wamijikenda. Waliwaendea wazee wa Rabai kuomba ruhusa, na wazee wakakubali. Safari yenyewe ikawekwa tarehe 25 Agosti 1846.

Kwa mtu mwenye afya njema safari hiyo si kubwa. Kutoka Mombasa hadi Rabai ni kiasi cha kilomita 20 na kitu, na mtembezi aondokaye alfajiri hufika mchana. Lakini siku ile wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Miguu ilikuwa haina nguvu, na kilima kilikuwa mbele yao. Punda walikuwa naye mmoja tu, basi wakapokezana: huyu akipanda, yule hujikokota kwa miguu. Ndivyo walivyofika.

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini hawakungoja wapone? Jawabu ni kwamba homa ya siku hizo haikumpa mtu ahadi. Aliyepona leo aliweza kulala tena kesho. Tena hakuna aliyejua chanzo chake. Wazungu walidhani kwamba huletwa na hewa mbaya ya mabonde, na hiyo ndiyo maana ya neno malaria katika lugha ya Kiitalia. Ilipita miaka 51 tangu safari ile ndipo Ronald Ross, akifanya kazi Bara Hindi mwaka 1897, alipovumbua kwamba mchukuzi wa ugonjwa ni mbu. Krapf na mwenziwe waliiogopa hewa, kumbe adui aliwauma usiku wamelala. Leo mwenye chandarua anayo silaha ambayo faida yake wao hawakuijua.

Kutoka kilima kile cha Rabai ndipo zilipoanza safari kubwa. Mwaka 1848 Rebmann aliondoka kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima mrefu, akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Kiongozi alijibu kwa neno moja tu: baridi. Ilikuwa theluji ya Kilimanjaro. Wataalamu wengine wa Ulaya walibisha, wakasema haiwezekani theluji kukaa karibu na Ikweta. Nao walikuwa hawajaikanyaga nchi hii hata siku moja. Bwana Kheri, asiye na jina la theluji, alikuwa karibu na ukweli kuliko wao.

Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Mwaka 1866 alifiwa na mkewe, kisha macho yake yakaanza kuingia giza hata asione. Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Naye aliendelea na kazi yake ya kuandika lugha za nchi hii. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 pasipo kurudi kwao hata mara moja, aliushuka mlima ule akiwa kipofu. Aliyemsindikiza hata Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Mgeni aliyekuja kwa kupokezana punda na mwenziwe alirudi kwao akitegemea mkono wa mwenyeji. Na huko Ulaya mwenyeji yule ndiye aliyekuwa mgeni. Rebmann alifariki mwaka uliofuata.

Hapana budi kulitafakari jambo hili. Wengi ni wageni mahali wafanyapo kazi: karani aliyehamishwa kutoka bara, fundi akaaye Changamwe, kibarua avukaye feri ya Likoni kila asubuhi. Mtu aweza kukaa miaka kumi katika nchi ya watu, asijue ila njia ya kazini na njia ya nyumbani, kisha akalalamika kwamba wenyeji hawana urafiki.

Siku ya mapumziko ikifika, na wakusanyike marafiki watatu au wanne, na mmoja wao awe mwenyeji. Waanze na kaburi la Nyali, kisha waelekee Rabai, ambako kanisa la kwanza sasa ni jumba la makumbusho. Waondoke mapema kabla jua halijawa kali, wachukue maji ya kutosha, na aliye dhaifu asiachwe nyuma. Njiani wawaamkie wazee wanaowakuta, na lile wasilolijua waulize. Jioni watarudi wamechoka miguu, lakini nchi waliyoikuta asubuhi haitakuwa tena ngeni kwao.